Wimbo Usiowasha Taa

Kila Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, Sista Dorothea alifungua friji la zahanati, akalifuta ndani kwa kitambaa kikavu, akapanga chupa za maji ya kugandisha barafu, kisha akachomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani. Soketi hiyo haikuwa imeunganishwa na nguzo yoyote. Ilipogonga saa tisa na nusu, kwenye uwanja wa ghala la mpunga, hatua mia mbili kutoka hapo, Mzee Angetile alikaa nyuma ya kinanda chake cha umeme, akakohoa mara mbili kwenye kipaza sauti, akaanza kupiga. Friji likaunguruma. Taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka. Dorothea akavua koti jeupe, akalitundika msumarini, akachukua kigoda chake akaenda kusikiliza muziki.

Huu ulikuwa mwaka wa thelathini na nne wa kuusikiliza. Alipangiwa kazi huku mwaka tisini na mbili akitokea Kilosa, binti wa miaka ishirini na sita mwenye begi moja na hasira nyingi, kwa sababu aliomba Morogoro mjini akapewa Kyela. Mvua ilimpokea, ikamnyeshea wiki tatu bila kumpa nafasi ya kukausha nguo. Neno la kwanza alilofundishwa lilikuwa ndaga. Ni asante, wakamwambia, na ndaga fijo ni asante sana. Lakini hakuchelewa kuona kwamba neno hilo lina kazi nyingi: ukisalimiwa unajibu ndaga, ukipewa pole unajibu ndaga, na ukiambiwa jambo ambalo huna la kusema juu yake, ndaga inatosha.

Jumapili ya nne mvua ikapumzika, na jirani akamchukua hadi kwenye ghala la mpunga. Mbele ya magunia alikaa Angetile, fundi redio kutoka sokoni Kyela, wakati huo kijana mwembamba mwenye kinanda alichokinunua Karonga, redio mbili zilizopasuliwa matumbo na betri ya lori. Hakuimba. Alikuwa amerekodi vyura wa majaruba ya Ikolo kwenye kaseti, kisha akaipunguza kaseti kasi hadi chura mmoja akawa na sauti ya mzee anayesali peke yake benchi la nyuma. Juu ya vyura aliweka noti tatu, zikawa zinakuja na kuondoka kwa dakika tisa. Watu wengi walisinzia. Dorothea alilia kwa mara ya kwanza tangu afike, akalia vizuri, na alipomaliza, hasira ilikuwa imekwisha. Barua ya kuomba uhamisho aliyokuwa ameiandika akaiwashia jiko.

Tangu hapo hakukosa onyesho kama hana mgonjwa. Alimfuata Angetile harusini Ndandalo kwa baiskeli ya kuazima, akamfuata Ikolo kwenye harambee ya kanisa, akasimama chini ya mgomba mvua ikimnyeshea huku wenye akili zao wamekwenda zao. Alijua wimbo gani una sauti ya ungo unaopepeta, na upi una mlango wa nyumba ya mama yake Angetile. Wenzake wa kazi walimtania kwamba amempenda yule fundi. Hawakumwelewa. Alichokipenda ni vyura.

Mwaka tisini na nane nguzo za umeme zilipita juu ya kijiji zikielekea kwingine. Mafundi waliahidi kwamba umeme utashushwa baada ya miezi miwili, kwa hiyo watu wakafunga nyaya majumbani, wakafunga soketi na balbu, na zahanati ikaletewa friji la umeme likae tayari kando ya lile la gesi. Miezi miwili ikapita. Nguzo zilibaki juu, kijiji kikabaki chini.

Aprili iliyofuata maji yalifurika kama yanavyofurika kila masika, lakini Angetile alikuwa ametangaza onyesho na hakuwa mtu wa kuahirisha. Aliweka kinanda juu ya makreti ya soda, watu wakasimama kwenye maji ya magoti, naye akaanza wimbo mpya wenye kasi, alioutengeneza kwa sauti ya mashine ya kukoboa mpunga. Wimbo ulipokolea, balbu za kijiji kizima zikawaka. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alisema, "Haya, umefika," akaenda nyumbani kunyoosha sare za watoto kwa pasi aliyoihifadhi tangu mwaka uliopita.

Alasiri hiyo Dorothea hakuwa uwanjani. Alikuwa na Naomi, mkulima wa kakao, aliyekuwa akijifungua mtoto wake wa kwanza chini ya wingu zito lililofanya chumba kuwa kama ndani ya gunia. Balbu ilipowaka, wimbo wa mashine ukisikika dirishani, alishukuru, akaendelea na kazi. Mtoto alitoka mzima, wa kike. Mama alichanika, damu ikawa nyingi, na Dorothea alikuwa ameingiza sindano mara ya pili tu aliposikia dirishani vyura wa Ikolo wakianza. Balbu ikazimika.

Alijua ni wimbo gani na una urefu gani. Mwingine angedhani ni kitambo tu, angesubiri. Yeye alikuwa anaujua noti kwa noti.

"Mama!" alimwita mama mkwe wa Naomi aliyekuwa barazani. "Kimbia ukamwambie Angetile abadilishe! Apige ule wa mashine!"

Mama mkwe alikimbia ndani ya maji, khanga mkononi. Wimbo ukakatwa ukiwa na dakika mbili, mwanga ukarudi, Naomi akashonwa na akapona. Mtoto akaitwa Lugano. Hakuna aliyemlaumu Dorothea, na wa kumlaumu angetoka wapi? Lakini baada ya siku hiyo kila mtu alijua kwamba nyimbo za kasi zinawasha na ule wa vyura hauwashi hata tochi, na Angetile kila alipotaka kuuanza watu walimpigia miluzi. Baada ya mwaka mmoja aliacha kujaribu.

Jambo lenyewe lingeweza kuishia hapo kama si dodoso. Mwaka elfu mbili na saba alifika karani anayeitwa Isack, kijana kutoka Dodoma, aliyetumwa kuorodhesha vijiji vyenye umeme na visivyo nao. Alifika katikati ya onyesho, balbu zote zinawaka. Alimkuta mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Anyelwisye, amekaa mstari wa mbele, na kwa kuwa alikuwa na vijiji vinne vya kumaliza siku hiyo alisema kwa pumzi moja, "Shikamoo mzee habari za hapa mna umeme?"

Mzee Anyelwisye hakuwa mtu wa kurukia jambo la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Aliinamisha kichwa. "Ndaga," alisema, kisha akasubiri aulizwe habari za mvua, za mashamba na za watoto, ndipo wafike taratibu kwenye umeme, ambao alikuwa na mengi ya kusema juu yake.

Isack aliandika: Ndiyo. Akapanda pikipiki.

Kijiji kikaondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri. Mwaka uliofuata gari lilikuja kulichukua friji la gesi lipelekwe kwenye kijiji kisicho na umeme. Mradi wa sola nao ulipita, ukauliza, ukajibiwa na karatasi ya Isack. Dorothea aliandika barua, halmashauri ya kijiji ikaandika nyingine, na mwishowe Isack akarudishwa kuhakiki. Alikuja Jumamosi saa kumi. Aliandika: Umeme upo, wa kuridhisha, ila una kelele.

Hivyo Angetile akawekewa ratiba. Jumatano na Jumamosi alipiga kwa ajili ya barafu ya chanjo na simu za watu, na siku nyingine, mwanamke akishikwa na uchungu, alipiga pia. Kusafiri hakuruhusiwa, maana alipokwenda Ndandalo taa ziliwaka Ndandalo. Mwaka elfu mbili na kumi na tano alialikwa kwenye tamasha kubwa Dar es Salaam, watu waliokuwa wamesikia kaseti zake za zamani walitaka kumsikia akipiga wimbo wa vyura. Nauli ilikuwa imetumwa. Kamati ya kijiji ilikaa, ikamweleza kwa upole kwamba wiki hiyo kuna chanjo ya surua. Dorothea alikuwa mjumbe na alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Angetile aliwasikiliza hadi mwisho.

"Ndaga," alisema.

Hakuna aliyemuuliza ni ndaga ya namna gani. Alikwenda nyumbani akatoa shati lake jipya kwenye begi.

Dorothea alihudhuria maonyesho yote ya miaka hiyo, kigoda mbele, lakini akiwa peke yake alikubali kwamba hakuwa akiusikiliza muziki tena. Alikuwa akisikiliza friji. Angetile akipunguza kasi kidogo ili apumzishe vidole vilivyovimba, sikio la Dorothea liligeukia zahanati kabla ya moyo wake kugeukia kwa Angetile. Aliona aibu. Mtu aliyekuwa ameulilia wimbo wake sasa alikuwa akimchunga kama jenereta.

Mwaka huu alitimiza miaka sitini, na Jumamosi ya mwisho kabla ya kustaafu alikwenda nyumbani kwa Angetile asubuhi. Alimkuta barazani ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya moto. Alichuchumaa kumsalimia kwa kumwita baba, kama alivyofundishwa na kina mama wa hapa.

"Mugonile, tata."

"Ndaga, Sista. Nasikia unatuacha."

"Kazi naiacha. Ninyi siwaachi. Naomi amenipa chumba."

Angetile alicheka. "Basi leo nikuage na wimbo gani? Wa mashine au wa pikipiki?"

"Wa vyura."

Mikono ilitulia ndani ya maji. "Na friji?"

"Barafu ya Jumatano bado ipo. Chanjo nimezipeleka Ikolo jana kwa baiskeli. Zahanati haina mgonjwa, nimehakikisha. Tata, mimi ndiye niliyeukata ule wimbo. Nataka nisikie mwisho wake kabla hatujafa, wewe au mimi."

"Mwisho wenyewe sijui kama naukumbuka," alisema Angetile. Lakini vidole vilikuwa vimeanza kutembea chini ya maji.

Alasiri alianza na wimbo wa mashine, taa zikawaka kama kawaida. Isack alifika saa kumi, sasa ana mvi na kishikwambi mahali pa dodoso, katumwa kuhakiki tena. Muda huohuo Angetile aliinua mikono, akabadilisha kaseti, na vyura wa mwaka tisini na mbili wakaanza kusali. Balbu zikazimika nyumba baada ya nyumba. Mluzi mmoja ulisikika nyuma, Dorothea akageuka akamtazama aliyeupiga, ukakatika.

Dakika ya sita, Lugano, mtoto wa Naomi, alitokea njia ya zahanati akitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika begi lenye khanga na wembe mpya. Alikuwa na miaka ishirini na saba na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Dorothea alisimama. Alimtazama Lugano, akaitazama zahanati isiyo na taa, akafumbua mdomo kumwita Angetile.

"Kaa, Sista," alisema Lugano, akijishusha kwenye kigoda kando yake. "Uchungu umeanza sasa hivi tu, nina muda. Acha amalize. Mama husema mimi ndiye niliyemkatisha."

Dorothea alikaa. Aliweka kiganja kwenye tumbo la Lugano kuhesabu nafasi kati ya uchungu na uchungu, na kwa dakika tatu zilizobaki, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na saba, hakusikiliza friji. Noti tatu zilikuja zikaondoka. Isack alivua kofia ya pikipiki akasimama nayo kifuani. Mwisho ulikuwa chura mmoja tu, wa mbali, anayenyamaza kama mtu aliyejibiwa. Dorothea alilia kama alivyolia akiwa binti.

"Ndaga," alisema. "Ndaga fijo, tata."

Angetile alimtazama, akamtazama Lugano aliyekuwa amekunja uso. Alibadilisha kaseti, akaanza wimbo wa mashine kwa vidole vilivyovimba, taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka, na Dorothea akamshika Lugano mkono wakaondoka.

Isack, kabla ya kuondoka, aliinama kwa Mzee Anyelwisye, ambaye sasa alikuwa hasikii vizuri. "Shikamoo mzee habari za hapa umeme ulikatika?"

"Ndaga," alijibu mzee, akasubiri.

Mtoto wa Lugano alizaliwa saa nne kasorobo usiku, na Angetile alipiga hadi alipoambiwa kitovu kimekatwa. Ripoti ilifika kijijini wiki tatu baadaye. Dorothea, mstaafu, alimsomea Angetile barazani huku akimwongezea maji ya moto kwenye beseni: Kijiji kina umeme. Ulikatika kwa dakika tisa. Sababu, uchovu wa mtambo. Hakuna hatua inayohitajika.

"Mtambo," alisema Angetile, akacheka hadi akakohoa. Dorothea naye alicheka, kisha akaacha, akamshika kiganja ndani ya maji akaanza kukikanda taratibu, kifundo kwa kifundo.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na robo."

Upande wa pili wa njia, nesi mpya alikuwa anachomeka waya wa friji. Angetile alitoa mikono kwenye maji, akaifuta kidole kimoja kimoja, akainuka.