Hedifoni za Meza ya Kola

Mimi sijui kujishusha, na sitajifunza uzeeni. Wimbo ule ulipoanza kupigwa kila kona, kwa kinyozi, kwenye maduka ya nguo, hadi kwenye simu za watoto wa jirani, niliingia karakana yetu ya kushona nikatangaza nikiwa bado mlangoni: gitaa la rizimu humo ndani linapigwa na binti yangu. Si mpwa, si mtoto wa kulea. Huyu niliyemzaa mwenyewe.

"Hongera, Mama Kola," wakasema wenzangu. Jina hilo nimepewa kwa sababu nashona kola za sare za shule, na kola yangu hailali upande. Ng'ambo ya meza, tukitazamana ana kwa ana, anakaa Mama Pindo. Yeye anakunja pindo za sketi na kuchokoza watu, na kazi zote mbili anaziweza.

Ambacho sikukitangaza ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijamsikia.

Binti alinieleza vizuri. Bendi yao ina magitaa mawili. Solo ndilo linalopanda juu na kulia, na hilo analipiga kiongozi wao. Rizimu lake yeye linakaa chini, linakatakata bila kupumzika, ndilo linalowanyanyua watu vitini. Basi nikasikiliza. Nikasikiliza nikishona, nikasikiliza nikimenya viazi. Solo nililisikia hadi likanichosha. Rizimu, wapi! Na nikijaribu spika ya simu yangu, iliyopasuka zamani, kila kitu kinakoroma pamoja, huwezi kujua ngoma ni ipi wala gitaa ni lipi.

Nikampigia simu. "Mama, nimo," akasema. "Sikiliza vizuri." Sauti yake ilikuwa imechoka, nami roho ikaniruka. Aliacha cherehani hapa hapa karakanani ili akapige gitaa, na ni mimi niliyemtetea mbele ya ukoo mzima. Wifi yangu alisema waziwazi kwamba msichana yule anawabebea wanaume nyaya tu. Je, kama walimtoa siku ya kurekodi, naye akaona haya kuniambia? Kukosa wimbo ningemvumilia. Kunidanganya kwa kunionea huruma, hapana, hilo lingenivunja.

Pale kazini muziki unaruhusiwa kwa sharti moja. Msimamizi wetu anakaa kwenye meza yake mwisho wa chumba, na akipaza sauti kwamba kipimo kimebadilika anataka usikie palepale. Aliwahi kuletewa rundo zima la mashati yenye mifuko upande usiotakiwa, kwa sababu fundi alikuwa ameziba masikio yote mawili. Tangu hapo amri ni hiyo: sikio moja la muziki, na sikio lililo upande wake ni la kazi. Kipande cha pili cha hedifoni unakisokomeza ndani ya blauzi kisije kikanaswa na gurudumu la cherehani. Tumezoea hivyo hadi majumbani. Mimi hata jikoni kwangu sikio la kushoto naliacha wazi, utadhani msimamizi amekaa juu ya jiko.

Nikaamua kwamba kosa ni la hedifoni. Zangu zilikuja na simu, zilikuwa nyeupe enzi hizo, na zisipokwaruza ujue nimeishika pini kwa kidole.

"Mama Pindo, zako zinatoa vizuri?" nikauliza, kama mtu asiye na haja kubwa. "Rizimu la mwanangu linasikika?"

"Linasikika sana! Chaka-chaka-chaka, halipumui. Tena ndilo gitaa pekee humo."

"Pekee? Na lile la juu linalolia?"

"La juu lipi? Hakuna la juu."

Nikajua ananifanyia dhihaka. Solo linanitoboa sikio tangu asubuhi, na mtu mzima ananiangalia usoni anasema halipo!

"Lete zako," nikamwambia.

Akanirushia. Zake ni nyeusi, waya mnene, na besi yake imejaa hadi unaisikia kwenye meno. Nikaweka sikioni. Ngoma zilikuja, besi ikaja, mwimbaji akaja amefunikwa kidogo kama anaimba ndani ya kabati. Solo likapanda. Rizimu, hakuna. Yeye akachukua zangu, akashika pini, akasikiliza akitikisa kichwa.

"Mbona linasikika hata huku? Lina sauti ya bati tu, lakini lipo."

"Mama Pindo," nikasema, na cherehani nikaizima kabisa. "Nitanie mwili, nitanie umri. Mtoto wangu mwache."

"Nani anakutania? Mimi namsifia mtoto, wewe unanivimbia!"

Wakati wa kula, kesi ikawa ya karakana nzima. Kila mtu akatoa zake tuzilinganishe. Za mmoja zilikuwa nyekundu, zenye vifuniko vya mpira laini vinavyoziba tundu la sikio hadi unasikia mate yako ukimeza, na humo besi ilikuwa nzuri ila matoazi yakapotea. Nyingine zilikuwa nyepesi, hazina uzito wala sauti, zinafaa kupokea simu za mashemeji tu. Halafu akaja fundi mkasi, anayetukatia vitambaa, na zake zilizovishwa waya wa kusukwa, anazozitunza ndani ya kikopo akizikunja taratibu kama mtu anayekunja shati la harusi.

"Hizi hazidanganyi," akasema. "Mkigombana tena baada ya hizi, tatizo ni vichwa."

Kweli hazikudanganya. Sauti ilikuwa safi, kila kitu mahali pake, hadi unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilifunga macho. Solo likaja, zuri kuliko nilivyowahi kulisikia, na nikalichukia. Mwanangu hakuwemo. Nilimrudishia fundi zake nikamwambia nina vumbi la kitambaa jichoni.

Ajabu ni kwamba waliokaa upande wangu wa meza wote waliniunga mkono, na wa upande wa pili wote walimuunga mkono Mama Pindo, ikawa kama mechi. Msimamizi, aliyekuwa anakula mezani kwake, akatuambia tupunguze kelele, na tusisahau masikio ya kazi hata wakati wa kula.

Mama Pindo ndiye aliyechoka kwanza. Akachukua tena za fundi mkasi, akachomeka simu yake, akainama juu ya meza. "Njoo. Tusikilize pamoja, wewe chako mimi changu. Nikisema 'huyo', ujue ndiye."

Waya ulikuwa mfupi, ikabidi tukutanishe mapaji ya uso juu ya pindo na kola. Wimbo ukaanza. Akawa anagonga meza kwa kidole, harakaharaka, bila kukosea. "Huyo! Huyo! Huyo!" Mimi nilisikia solo. Lakini nilimtazama usoni, karibu vile, na sikuona utani wowote. Macho yake yalikuwa ya mtu anayesikia kitu.

"Nipe hicho chako," nikasema.

"Hakitakaa. Ni cha kushoto, kimepinda kwenda huku."

"Nipe hivyo hivyo!"

Tukabadilishana. Nikakisukuma kwenye sikio langu la kulia kikakaa kombo, kinauma. Na solo likatoweka, kama mtu amelifungia mlango. Mahali pake akawa amekaa mwanangu.

Nilimjua palepale. Kabla ya kugeuza mpigo ana tabia ya kuchelewa kidogo sana, pengo dogo mno, kisha anaingia kwa nguvu. Alikuwa akifanya hivyo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, nami nikimgombeza kwamba ananipigia kelele. Kumbe huko kuchelewa ndiko kunakomfanya kila mtu mjini atikise mabega! Hakudanganya. Nimo, alisema, na alikuwemo wimbo mzima, hakupumzika hata kidogo, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Haa! Kumbe lipo!" Mama Pindo alikuwa anapiga kelele upande wa pili. "Linalia kweli! Mama Kola, nisamehe, kumbe wamewagawa, mmoja huku mmoja kule!"

Akakitoa kwake kile kipande, akanigeuzia vyote viwili, akaniweka mwenyewe: cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Jamani. Sikujua wimbo ni kitu kikubwa hivyo. Yule bwana wa solo alikuwa kulia kwangu anajidai, na nilimsamehe, maana anajua kazi. Mwimbaji alikuwa katikati ya kichwa changu. Na kushoto, kwenye sikio langu la kazi, mwanangu alikuwa anawashikilia wote wasianguke. Nikajaribu kukitoa cha kushoto kidogo, wimbo ukachechemea. Nikakirudisha, ukasimama. Bila yeye hakuna kitu, na haya siyo maneno ya mama, nendeni mkasikilize wenyewe.

Machozi yalitoka, na sikuyasingizia vumbi tena.

Nilipofumbua macho, msimamizi alikuwa amesimama mbele yangu. Kazi ilikuwa imeanza. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika, kidole chake kinaonyesha masikio yangu, na karakana nzima imesimamisha cherehani inangoja kuona nitafanywa nini. Mama Pindo alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Nikamwinulia mkono mtu yule tunayemwogopa wote.

"Subiri, bosi," nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa mno. "Mwanangu hajamaliza."