Zohali Hapigi Lipu

"Nyongo nyeusi? Wewe, Lapo? Jana ulimaliza sufuria nzima ya dengu, ukaulizia mkate!"

"Dengu ndizo zinazoileta, mama. Na nyama ya sungura, na jibini la zamani. Messer Ruggiero, yule tabibu, amesoma vitabu vya Wayunani: nyongo hiyo ndiyo mama wa huzuni. Anasema mafundi wakubwa wote wako chini ya nyota ya Zohali, na wote wana huzuni."

"Wewe ulianza kucheka kabla hujajua kunyonya."

"Ndiyo balaa langu!"

Tulikuwa katika ukumbi wa chakula wa watawa, hapa Firenze. Mimi nimeshika kiuno, yeye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shavu kwenye ngumi. Ukutani, kwenye picha ya Lapo ya kuzaliwa kwa Yesu, Bikira alikuwa amekamilika, na Mtoto, na punda, na ng'ombe. Palibaki pengo la mtu mmoja: Yosefu. Mama Mkuu hakutuficha. Yosefu asipoonekana kabla ya sala ya jioni, ukuta anapewa Bindo, mchoraji wa ng'ambo ya mto, naye atapaka chokaa juu ya kila kitu. Kazi ya mwaka mzima.

Nuto, mpiga lipu wetu, alisimama na mwiko wake. "Nipige, Monna Piera? Nikipiga sasa, jioni imekauka, na rangi haishiki kwenye lipu kavu. Mwenyewe hata hajui atachora nini."

"Anamsubiri Zohali," nikasema. "Lapo, umekwama wapi hasa?"

"Usoni. Kila Yosefu ninayemchora anachekelea. Mtu yuko pembeni ya zizi, haelewi yaliyompata, anaiogopa kesho. Huzuni hiyo sina, mama. Nimeitafuta kwa dengu, imekataa kuja."

Hapo hakuwa akiigiza.

Nikamtazama vizuri. Shavu kwenye ngumi, mabega chini, macho sakafuni. Kila mchoraji wa mji huu humketisha Yosefu hivyo hivyo, na huyu wangu alikuwa amekaa kama yeye tangu asubuhi.

"Usisogee hata kidogo."

Nikaenda jikoni kwa watawa, nikanyakua sinia la shaba lililosuguliwa likang'aa, wala sikuomba ruhusa. Nikalisimamisha mbele ya pua yake.

Akajitazama. Kisha mdomo ukaanza safari ya kwenda masikioni. "Mama! Kumbe ni..."

"Ukicheka nakuzaba kofi, na ndevu zako hizo! Rudisha sura. Fikiria Bindo anavyomfuta punda wako."

Sura ikarudi yenyewe.

"Nuto, piga lipu!"

"Monna Piera, tukishapiga hakuna kurudi ny..."

Nikampokonya mwiko, nikapiga bonge la kwanza mwenyewe. Likatua pwaa! kwenye pengo, maji yakichuruzika. Nuto akaguna, akachukua mwiko wake na kulisawazisha.

"Na Zohali akija?" akauliza.

"Mpe dengu zilizobaki."

Lapo hakutusikia. Alikuwa ameshachovya brashi, anaanza na ngumi ya Yosefu chini ya shavu.