Besi Iliyopotea Sebuleni

Vikombe vilikuwa vimeanza tena kugongana kabatini. Yule mzee mpiga besi aliweka gazeti chini, akavikodolea macho kana kwamba vyenyewe ndivyo vyenye kosa. Mwenye kosa alikuwa ng'ambo ya ukuta: kinyozi mmoja kijana aliyehamia miezi miwili iliyopita na sabufa yake ya bei ya kutupa. Kila siku ya mapumziko, chakula cha mchana kikishuka tu, aliifungulia mpaka picha zikacheza kwenye misumari yake.

"Leo atanijua mimi ni nani," mzee alisema.

"Na wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo," mkewe alimjibu kutoka jikoni.

"Wiki iliyopita nilikuwa naonya. Leo binti yako anakuja na bisibisi. Dawa ya moto ni moto."

Tuseme ukweli, huyu alikuwa mtu wa hasira hata kabla ya kinyozi kuzaliwa. Aliamka nayo, akanawa nayo uso, akaenda nayo dukani kununua mkate. Lakini hasira ya zamani ilikuwa ya kupita tu, kama mvua ya rasharasha. Hii aliyokuwa nayo sasa ilikuwa na miaka tisa, na bendi ilipovunjika hakupata kiinua mgongo kingine ila hiyo.

Miaka ishirini alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya ukumbini, na watu walimwita Besi, basi, wala hakuna aliyemtafuta kwa jina jingine. Kisha bendi ikarekodi nyimbo zake, mara moja tu katika maisha yake, kwenye chumba cha mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alikuwa fundi wa kurekodi. Mdogo mtu akakesha na mitambo yake wiki tatu, akaleta diski. Siku hiyo hiyo Besi alinunua amplifaya na spika mbili kubwa za mitumba, akaunga waya mwenyewe, akakataza mtu kumsaidia. Akazipandisha juu ya kabati, akaketi kwenye kochi lake kujisikiliza.

Hakujisikia. Wimbo wa kwanza ulianza na utupu, hakuna kitu ila mikwaruzo ya vidole kwenye nyuzi, kama panya darini. Baadaye magitaa yakaingia, ngoma zikaingia, waimbaji wakaingia, yeye hakuingia. Alisikiliza mpaka mwisho. Miaka ishirini ya vidole vilivyoota sugu, na hayumo! Na ule utupu wa mwanzo ndio uliomkata maini, maana alikumbuka vizuri kwamba pale ndipo mahali pake. Mdogo wake alikuwa amemng'oa kama jino, halafu akaliacha pengo wazi ili watu walitazame.

Alimwendea saa ile ile, akamkuta na waimbaji wote wa bendi. "Umenifuta," alimwambia mbele yao. "Kuanzia leo mimi sina ndugu."

"Kaka, sikiliza tena. Sikiliza kwa mashine nyingine."

Hakuambilika wala hakusemezeka. Mdogo mtu akaja nyumbani kwake mara mbili kuomba wazungumze. Mara ya kwanza alikuja mikono mitupu. Mara ya pili alikuja kwenye mvua, spika ameibeba begani, maji yakimchuruzika shingoni. Mara zote mbili mlango ulifungwa usoni pake. "Rudi na kopo lako!" Besi alimpigia kelele kupitia dirishani. Gitaa akaliuza, na aliyethubutu kumwita Besi alijuta. Muziki ukapigwa marufuku katika nyumba ile. Tangu siku hiyo zile spika mbili zilisoma habari na kutangaza mpira, na kazi nyingine hazikuwa nayo.

Binti yao alifika na mkoba wake wa vifaa. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu, na mikono yake haikutulia. Kabla hajamaliza salamu alikwisha sogeza kiti, akapanda, akachungulia juu ya kabati.

"Shikamoo Baba. Nani amezivisha spika shela?"

"Muulize mama yako."

"Ni vitambaa," mama alisema. "Vumbi litaingia."

"Vumbi haliingii, na sauti haitoki. Na hili jagi la maua?"

"Limependeza hapo."

Binti alicheka, akavua vitambaa, akashusha jagi, akashusha spika moja baada ya nyingine huku baba yake akimwelekeza kwa kelele, shika huku, angalia kona, utaniulia spika. Alikata kandambili kuukuu vipande vinane, akaviweka chini ya spika ili zisitetemeshe sakafu. "Besi haipendi kuning'inia hewani, Baba. Inataka kukaa chini na kupata ukuta wa kuegemea. Wewe umeiweka darini halafu unalalamika haishuki."

"Mimi sijalalamika. Mimi nataka ukuta wa yule mtu uanguke."

Binti alizisukuma spika karibu na ukuta, akafungulia wimbo wa ngoma nzito kutoka kwenye flashi. Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya debe. Ng'ambo ya ukuta sabufa ya kinyozi ilijibu, du, du, du, na vikombe vikaipigia makofi.

"Unasikia?" mzee alifoka. "Ananicheka! Kitoto kile kinanicheka!"

"Hajui hata kama upo. Sasa njoo. Spika moja tunaiweka kwenye kochi lako, pale kichwa chako kinapokuwa. Hii nyingine naichomoa kwanza, moja inatosha kutafutia. Wewe utatambaa pembeni mwa ukuta, sikio karibu na sakafu. Popote utakaposikia besi imenona, hapo ndipo penyewe."

"Nitambae? Mimi? Ndani ya nyumba yangu?"

"Unataka kumshinda kinyozi au hutaki?"

Akatambaa. Mtu mzima mwenye mvi, aliyewahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa pomoni, alipiga magoti akapita nyuma ya kochi, akapita chini ya dirisha, akigombana na kila kiti kilichomzuia. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, mdomo ameubana asicheke. Chini ya dirisha hakukuwa na kitu. Kando ya kabati kulikuwa na kunguruma kidogo. Alipofika kwenye kona ya nyuma ya mlango alisimama ghafla, magoti na mikono vyote chini.

"Hapa," alisema. Uso ulikuwa umemlainika, na mkewe, ambaye hakuwa ameuona uso ule kwa muda mrefu, akaacha kutaka kucheka. "Hapa inaingia kifuani. Hapa hapa!"

Binti aliitoa spika kwenye kochi akaiweka kwenye ile kona. Ikanguruma vizuri. Akairudishia waya ile ya pili, akaiweka kona ya pili, akafungulia zote mbili pamoja, na besi ikatoweka kama maji mchangani.

"Umeiharibu!" mzee alipiga kelele. "Ilikuwepo sasa hivi, umefanya nini?"

Binti alirudi kwenye waya. Alichomoa moja, besi ikarudi. Akaiunga, besi ikaenda zake. Akarudia mara tatu. Kisha akachutama nyuma ya amplifaya, akaupapasa waya, ulikuwa waya wa taa, nyuzi mbili za rangi moja.

"Baba, nani aliunga hizi?"

"Mimi. Kwa mikono yangu."

"Mama, nipe betri ya rimoti."

Alizichomoa waya za spika zote mbili kwenye amplifaya. Akazigusisha ncha za waya wa spika ya kwanza kwenye betri, na ile karatasi nyeusi katikati ya spika ikaruka mbele, tak. Akafanya vile vile kwa ya pili. Karatasi ikarudi ndani.

"Umeona? Hii inasukuma, hii inavuta. Moja uliiunga sawa, nyingine ukaigeuza. Sauti nyembamba zinasalimika, lakini zile nzito, hii inazitoa na hii inazimeza. Zinafutana zenyewe kwa zenyewe hapa sebuleni. Kwenye wimbo hazina shida yoyote."

Mzee alitazama betri. Akatazama spika. Alijua jibu, lakini aliuliza hivyo hivyo. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile," mkewe alisema. "Hujazigusa tena."

Hapo akalipuka. Alimtukana aliyeuza waya, akamtukana aliyetengeneza waya. Mtu mwenye akili timamu anatengenezaje waya wa rangi moja pande zote mbili? Anataka watu wafanye nini, wabahatishe? Akaipiga teke kandambili iliyobaki, ikaenda kugonga mlango. Alimtafuta mtu wa tatu wa kumtukana, hakumpata. Alikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima, na katika mtaa mzima hakukuwa na mtu wa kumpa ila yeye mwenyewe.

Binti aligeuza nyuzi mbili kwa bisibisi. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kiatu. Mama alikuwa ameingia chumbani. Akatoka na diski iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Nilikwambia uitupe," mzee alisema.

"Umewahi kuniambia mengi."

Akaiweka kwenye deki mwenyewe, bila kuomba ruhusa.

Utupu ule haukuwepo tena. Mahali pake pote palijaa yeye. Alikuwa peke yake, vidole vyake, mwendo wake ule wa kuburuza kidogo kabla ya kutua, mizunguko minne mizima, na hakuna gitaa lililothubutu kuingia wala ngoma wala mwimbaji. Mdogo wake alikuwa amewanyamazisha wote. Alikuwa ameifungua kazi yote ya bendi kwa besi ya kaka yake, akaiweka mbele kabisa, wazi, ili kila atakayesikiliza amsikie yeye kwanza. Vikombe viliruka kabatini. Mzee aliketi kwenye kochi, mikono imemlalia magotini, machozi yakamtoka bila kuyafuta.

Mlango ukagongwa. Alikuwa kinyozi.

"Shikamoo mzee. Samahani, naomba mpunguze kidogo. Kioo changu kimeanguka ukutani."

Ndio ushindi alioutafuta miezi miwili. Alimtazama yule kijana kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. "Marahaba. Tutapunguza, mwanangu," alisema, na kinyozi, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, akarudi kwake nyuma nyuma.

"Nipe simu," mzee alimwambia binti yake. "Namba ya baba yako mdogo unayo. Najua unayo."

Simu ilipokelewa haraka. "Naam, mwanangu," sauti ilisema. Mzee aliinuka na simu. Akaurudisha wimbo mwanzo, akaisogeza simu mbele ya spika, akaishikilia pale mizunguko yote minne. Kisha akairudisha sikioni.

"Nani amegeuza waya?" mdogo wake aliuliza.

"Ulijua ni waya?"

"Nilijua siku ile ile uliyokuja kunitukana. Nilipokuja kwako kwenye mvua nilikuwa na betri mfukoni, kaka. Nilitaka dakika moja tu ndani ya sebule yako. Miaka tisa! Watoto wangu hawakujui sura. Nimekuwa nikipita mtaa wa pili ili tusikutane, mimi niliyefanya nini?" Sauti ilikuwa imepanda, na ilifanana mno na sauti ya mzee mwenyewe akiwa na hasira. "Niliomba dakika moja!"

Simu ikakatwa.

"Amekata," mzee alisema, na damu ikaanza kumpanda kama ilivyozoea. "Mimi nampigia, halafu yeye ananikatia!"

Mkewe alikuwa anavirudisha vikombe ndani ya kabati. Hakugeuka. "Wewe mlango ulimfungia mara mbili. Yeye amekata simu mara moja. Bado moja. Piga."

Alipiga. Ilikatwa kabla haijaita mara mbili.

"Haya, sasa mko sawa," mkewe alisema. "Piga ya tatu."

Ya tatu iliita kwa muda mrefu. Mzee alisimama katikati ya sebule na maneno yake yote tayari, habari ya waya wa taa, habari ya rangi moja, habari ya muuza duka ambaye hakumwonya. Simu ikapokelewa. Alisikia pumzi tu, na aliijua pumzi ile tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja utotoni.

"Nilikosea," alisema.

"Sikusikii, kaka. Paza sauti."

Alisikika, na yeye alijua amesikika. Zamani angeitupa simu ukutani. Alivuta pumzi kifua kizima, akalisema tena kwa sauti ambayo hata kinyozi, ng'ambo ya ukuta, alizima sabufa yake asikilize nani amekosea.