Rangi Si Dawa

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, vijisahani thelathini vya bati vilikuwa vimebandikwa mgongoni mwa msusi, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Ndani ya kila kimoja daktari wa ngozi alikuwa ametia chembe ya kitu kimoja: mpira wa glovu, marashi, madini, rangi ya nywele.

"Usioge mgongo, usitoke jasho, usijikune," alisema daktari. "Jumatano tunabandua, Ijumaa tunasoma mara ya mwisho."

"Mbona kama kifungo, daktari?"

"Cha siku nne tu. Zahanati walikuambia nini kuhusu vidole hivi?"

"Niache dawa. Nikaacha. Miezi saba sijagusa dawa."

"Na rangi?"

Msusi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama chumvi ni sukari. "Rangi si dawa."

Kalamu ya daktari ilisimama. Ikabidi aelezwe. Saluni, dawa ni ile ya kulainisha nywele, basi. Inayofunika mvi ni rangi. Msusi alikuwa amemtii tabibu wa zahanati neno kwa neno: wateja wa dawa alimwachia shangazi yake, mwenye saluni, yeye akabeba wote wa rangi. Vidole vikazidi kupasuka na kutoa malengelenge kama punje za ulezi. Akaongeza glovu za mpira, vikazidi tena.

"Umeruka majivu, dada yangu," daktari alisema. "Swali ni kama umekanyaga moto."

Msusi alilijua swali hilo. Ikiwa ni glovu, atabadilisha glovu. Ikiwa ni rangi, kazi imekwisha, maana wateja wa pale walikuwa watu wa mvi, na wa kusuka hawakufika watano kwa wiki. Shangazi alikuwa amemlea na kumfundisha. Sasa viungo vya vidole vya shangazi vimevimba, na mwisho wa mwezi ufunguo wa saluni ungekuwa wa msusi. Hata chumba walicholala kilikuwa nyuma ya saluni, na mlango wake wa pekee ulitokea kwenye viti vya wateja. Usiende kazini, sawa; upite wapi?

Siku mbili alilala kifudifudi. Mgongo uliwasha mahali fulani, asijue ni wapi, na shangazi alikatazwa kuinua hata ncha ya plasta.

Jumatano vijisahani vilibanduliwa. Daktari alipitisha ncha ya kidole juu ya kila alama, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, lakini uvimbe haujifichi. Penye glovu palikuwa pameiva. Penye rangi palikuwa na kivuli tu.

"Tusubiri Ijumaa," alisema.

Msusi alisikia alichotaka kusikia. "Ni glovu, shangazi!" alisema alipofika saluni.

"Si nilikwambia? Mpira ule hata pepo angejikuna." Shangazi alicheka hadi akakaa. "Rudi kwenye rangi yako, mwanangu. Mimi mikono yangu siku hizi ni ya kupungia tu."

Ijumaa, saa nne na robo, daktari alipiga picha mgongo ule na kumpa simu ajionee. Penye glovu palikuwa pamefifia.

"Huo ulikuwa muwasho wa kawaida. Ukiondoa kitu, unapoa. Mzio hauko hivyo. Ukiondoa kitu, wenyewe ndiyo kwanza unapanda." Akasogeza picha. Penye rangi ngozi ilikuwa imetuna, imejaa malengelenge, na imevuka pande zote mstari wa kalamu aliouzungushia daktari Jumatano.

"Nikivaa glovu mbili mbili?"

"Rangi hupenya mpira. Zipo glovu za namna nyingine, huchelewesha tu. Lakini ukiteleza mara moja inatosha. Mwili ukishakijua kitu, hausahau."

"Mpaka lini?"

"Maisha."

Cheti kilikuwa cha mistari mitatu. Alikisoma akitembea, akakikunja, akakikunjua.

Saa sita na nusu alipoingia saluni, mwalimu mstaafu alikuwa kitini, taulo shingoni, na bakuli la rangi limeshakorogwa.

"Huyo amefika," alisema shangazi. "Njoo, mama amekusubiri na rangi haisubiri mtu."

Msusi alimpa cheti. Shangazi alivaa miwani, akasoma mara mbili.

"Hata kusuka?"

"Kusuka ruhusa."

"Kusuka," shangazi alirudia, akitazama viti.

"Kuna msiba?" mwalimu aliuliza kupitia kioo.

"Hakuna, mama. Tulia." Shangazi alishika brashi. "Wewe kaa. Nimesema kaa!"

Msusi alikaa. Shangazi alipaka mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu vidole viligoma, brashi ikaangukia paji la uso, na rangi ikaanza kushuka kuelekea jicho la mwalimu. Shangazi alitafuta kitambaa upande ambao hakikuwepo.

Msusi aliruka, akaifuta kwa kidole gumba kitupu, kabla haijafika kwenye nyusi.

"Asante, binti," mwalimu alisema, macho yamefumbwa.

Shangazi alifungua bomba kwa kiwiko. Msusi aliosha kwa sabuni, akasugua, akaosha tena. Saa saba kasorobo kidole kilikuwa bado cheusi.