Gitaa Jekundu la Msasa

Fundi rangi huyu mtaa mzima ulimwita Msasa, na jina hilo hakulipata bure. Kabati ambalo mafundi wengine wangelimaliza kwa siku mbili, kwake lilikaa wiki mbili, na ukimsumbua alikujibu kwamba kazi ya kulipua ukaitafute kwingine. Watu walimsema, kisha walimrudia, kwa sababu kazi yake ukiipitishia kiganja hakikwami popote. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa.

Kaka yake mkubwa alikuwa mpiga gitaa. Kwa miaka ishirini na mitatu alipiga gitaa moja la umeme, jeusi, ingawa alikuwa akilitaka jekundu tangu siku aliyolinunua. Dukani lilikuwa limebaki jeusi tu. Maradhi yalipomlaza, na madaktari wakamrudisha nyumbani kwa kukosa la kufanya, alimwita mdogo wake.

"Lipake rangi nyekundu, mdogo wangu. Nataka nilipige likiwa jekundu, hata mara moja."

"Hilo tu, kaka? Litang'aa mpaka ujione sura humo."

"Sura yangu ya sasa sina hamu nayo. Wewe paka tu."

Wakacheka. Msasa alimpenda kaka yake, tusimsingizie. Alilibeba gitaa lile hadi karakana, akafungua nyuzi, akatoa shingo, skrubu akazitia kwenye kopo, akaanza kukwangua weusi. Pale mkono wa kaka uliposugua miaka yote, rangi ilikuwa imekwisha na mbao imeshika jasho. Napo akapasugua mpaka pakawa peupe.

Akapuliza tabaka la kwanza, akapuliza la pili. La tatu liliangukiwa na punje ya vumbi, tena upande wa nyuma, ule unaolalia tumbo la mpigaji. Nani angeiona? Msasa aliiona. Akakwangua yote, akaanza upya.

Wiki ya tatu mke wa kaka yake akaja karakana.

"Shemeji, lilete hivyo hivyo lilivyo."

"Vanishi haijakauka, shemeji. Nipe wiki moja."

"Anayekauka ni yeye."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alilifunga kwenye shuka safi, akalipeleka bila shingo wala nyuzi, akamwekea kaka yake mapajani pale kitandani. Mgonjwa alilitazama kwa muda mrefu. Macho yakamjaa machozi.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nyuzi ni mwisho, kaka. Leo tazama rangi tu. Usiguse."

Lakini mpiga gitaa utamwekaje gitaa mapajani asiliguse? Mkono wa kaka ulikwenda wenyewe pale ulipozoea kukaa, vidole vikaanza kucheza juu ya mbao tupu, na midomo ikafuata wimbo bila sauti. Dole gumba likakandamiza. Lilipoinuka, likaacha alama kwenye vanishi mbichi, mistari yake yote ikionekana.

"Kaka! Umeharibu!" Msasa alilinyakua gitaa. "Si nimekwambia usiguse?"

Kaka akaurudisha mkono chini ya blanketi, taratibu, kama mtoto aliyekaripiwa mbele ya wageni.

"Samahani, fundi," akasema.

Hakumwita mdogo wangu. Alimwita fundi, na fundi akaondoka zake na kazi yake kwapani. Siku nne alihangaika na alama ile: msasa laini, maji, vanishi, kungoja, msasa tena. Siku ya tano asubuhi haikuwapo. Alikuwa akikaza uzi wa mwisho, akijipongeza kimoyomoyo, shemeji yake alipopiga simu. Hakusema mengi. Kilio kilimtosha Msasa.

Baada ya mazishi alimpelekea mjane gitaa lile, likimeremeta. Mjane hata hakunyoosha mkono.

"Kaa nalo, shemeji. Yeye hayumo humo."

Basi likabaki karakana, limetundikwa ukutani, na wateja hulisifu kila waingiapo. Wakishaondoka, Msasa hulishusha, hulielekeza kwenye mwanga wa dirisha, hulilaza hivi na hivi, akitafuta japo mstari mmoja wa lile dole gumba. Hufumba macho, akapitisha kiganja pole pole, kutoka juu hadi chini.

Hakikwami popote.