Taarifa ya Habari kwa Sauti ya Mama Elikana

Jumatatu, saa saba kamili mchana, Mzee Polycarp aliketi kwenye kochi lake huko Gungu, Kigoma, akaongeza sauti ya televisheni, na mtangazaji wa habari akafungua kinywa. Alikuwa kijana mwenye tai nyekundu na shavu lililonyolewa vizuri. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama mtu mzima, nayo ilisema kwamba kuni za leo ni mbichi.

Mzee akakohoa. Mwanawe Elikana, aliyekuwa pembeni akikaza nyuzi za gitaa, akasema hiyo sauti ni ya mama. Wakasikiliza kidogo na kukubaliana. Mama mwenyewe alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha uani, akizungumza peke yake kama ilivyo desturi yake.

Ieleweke kwamba nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kwa hiyo haikuvunjwa: habari zikisomwa, hakuna kusema. Mzee alikuwa mstaafu wa reli, na mstaafu asiyejua habari, alipenda kusema, ni behewa tupu. Mama Elikana akiwa na neno, aliambiwa lisubiri habari ziishe. Habari zikiisha, Mzee alisinzia. Neno likarudi jikoni, ambako kwa miaka thelathini na moja maneno yalikuwa yamerundikana kuliko kuni.

Fundi Bariki aliitwa. Akapanda juu ya bati, akaligeuza dishi kuelekea ziwani, akalirudisha lilipokuwa, akashuka kutazama. Mtangazaji alikuwa amesimama mbele ya ramani ya Tanzania, akieleza kwa mkono namna ya kutoa mchanga kwenye dagaa wa Katonga.

"Picha safi, sauti safi," Bariki alisema. "Sasa mzee wangu unalalamikia nini?"

Mzee alifikiri, akaona kweli hana la kulalamikia. Kufikia Jumatano walikuwa wamezoea.

Aliyefaidika zaidi ni Elikana. Asubuhi alitoa fotokopi karibu na shule. Jioni alikuwa mwanamuziki, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba. Kwa miaka sita alikuwa akitafuta wimbo. Wateja waliosubiri fotokopi zao walikuwa wameelezwa mara nyingi kwamba televisheni ndiyo iliyoua muziki, kwa kuwafundisha watu kuutazama. Sasa aliona alikosea. Mama alipochoka kunung'unika aliimba, kwa Kiha, wimbo wake wa kusongea ugali wa muhogo, na mtangazaji aliutoa wote bila kukosea pumzi, huku akipanga karatasi zake mezani. Elikana akaufuata kwa gitaa, akaukuta kwenye ufunguo wa G. Majirani wakaja kusikiliza dirishani. Walimpongeza Elikana, naye akapokea pongezi kwa unyenyekevu, kama mtu aliyezistahili.

Shida ilikuwa maneno ya katikati ya wimbo. Ijumaa mtangazaji alitulia, akatazama mbele, akasema kwamba dada yake, Evaline, huko Kalinzi, hali chakula tangu kahawa ilipoanza kuchumwa. Ametuma mtu mara tatu. Ana jambo anataka kulisema kwa mdomo wake, uso kwa uso, si kwa simu, na hajui kama siku zinatosha. Yeye mdogo wake aliomba kwenda tangu juzi, akaambiwa habari ziishe kwanza.

Kila mtu alikuwa amesikia, pamoja na jirani aliyekuwa dirishani. Elikana aliwaza kwamba ubeti wa pili haujakamilika, na kwamba mama akienda Kalinzi sasa, wimbo utabaki nusu. Mzee alijikuna goti.

"Habari za leo nzito," alisema.

Baada ya hapo waliletewa ugali.

Jumapili mama hakuomba tena. Alijifunga kitenge, akabeba kikapu, akaja kusimama mlangoni mwa sebule, habari ndiyo kwanza zinaanza. Midomo yake ilitikisika, na sauti ikatokea kwenye televisheni.

"Baba Elikana, nakwenda kwa dada," alisema mtangazaji.

Mzee alinyoosha mkono kumtuliza mtu aliyesimama mlangoni, kisha akamjibu yule wa kwenye kioo.

"Haya, safari njema."

Siku hiyo televisheni haikuzimwa. Walimsikia mama akivutana na mtu wa bodaboda, akisalimia Mwandiga nzima, akiulaumu mlima wa kwenda Kalinzi. Elikana alihofia mawimbi yangekatika huko juu, lakini hayakukatika. Mzee alifurahi sana.

"Kumbe inashika mpaka milimani," alisema.

Saa kumi mtangazaji alisema, "Nimefika, dada. Usinyanyuke." Sauti ya Evaline haikusikika, kwa kuwa televisheni ile ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtangazaji aliweka karatasi zake chini. Akasogeza kiti. "Sema, dada," alisema polepole. "Nakusikiliza. Leo hakuna wa kutukatiza."

Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, akiitikia kwa kichwa, na mara moja alifuta jicho kwa ncha ya tai. Elikana aliondoa vidole kwenye nyuzi. Alielewa vizuri kabisa kwamba hili ndilo jambo ambalo mama alipandia mlima.

Tumbo la Mzee likanguruma. Hakuna aliyekula tangu asubuhi, na jikoni mlikuwa na giza lisilo na mwenyewe. Elikana aliinuka, akaisogelea televisheni, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kioo.

"Mama, kiberiti kiko wapi?"

Mtangazaji aliinua kichwa. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Nyuma ya ndoo ya unga," alisema. Kisha akarudi kuinama. "Samahani, dada. Ulikuwa unasema nini?"

Akangoja.

Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, akitaja jina la Evaline kama anayemwamsha. Nyuma yake ikaja ramani ya hali ya hewa, na mawingu madogo yakapita juu ya Kigoma, naye hakugeuka kuyaonyesha. Alikuwa bado anangoja. Mzee Polycarp akachukua rimoti, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Jikoni, Elikana alikipata kiberiti.