Ufa kwenye Muundi wa Lajehang

Walikuwa wameshavuka daraja la kamba, kijiji kimebaki juu mawinguni, ndipo Ranmaya alipoona mwanawe, Lajehang, anachechemea. Mguu wa kulia. Anaukanyaga kama mtu anayepita kwenye makaa.

“Laje, mguu una nini?”

“Kiatu tu, mama.”

“Kiatu! Umekivaa tangu sikukuu ya Dasain, leo ndiyo kinabana?”

Tilbikram, kaka yake Ranmaya, askari mstaafu wa Waingereza, alicheka huko mbele bila kugeuka. “Mwache, dada. Mfupa wa sisi Walimbu, watu wa milimani, hauogopi kiatu. Huyo kakuzwa kwa ulezi.”

Ranmaya hakucheka. Walikuwa wanateremka mji wa Dharan, bondeni, kwenye usaili wa jeshi la Waingereza. Kijana angebebeshwa kikapu cha mawe, mkanda umemkaza kwenye paji la uso, apande mlima mbio. Akishindwa, basi tena. Mwakani umri ungekuwa umempita.

Kwao pombe ya ulezi ni chakula. Mama aliyejifungua hupewa, mgonjwa hupewa, mtoto huonjeshwa. Kwa hiyo Laje na wenzake, tangu ndevu hazijaota, kila Jumamosi wakishatua vikapu vya mawe vya mazoezi aliyowafundisha mjomba, walishindana kunywa gongo ya ulezi mpaka kuzimia. Mjomba aliiita dawa ya magoti. Mpishi wa gongo hiyo alikuwa Ranmaya, tena akijisifu.

Walipofika Dharan muundi ulikuwa umevimba. Ranmaya alimkokota mpaka zahanati. Daktari, mama wa makamo, aliinua picha ya mfupa dirishani.

“Unakunywa?”

“Kama watu wote, daktari.”

“Watu wote hawapo hapa. Nakuuliza wewe.”

“Jumamosi tu.”

“Mpaka?”

Mama yake Laje ndiye aliyejibu: “Mpaka anabebwa. Toka ana miaka kumi na minne.”

“Miaka ile ndiyo ya kuweka akiba ya mfupa, mama. Mtoto akilewa hivyo, ujenzi unasimama, na mwili haulipi deni lote baadaye. Sisemi ni gongo peke yake, mawe nayo yamo. Lakini ufa ni huu hapa. Akikimbia, utakatika.”

Nje, Tilbikram alikuwa anasubiri, na alipoelezwa akabeza. “Daktari wa bondeni anajua nini? Mpe glasi moja akimbie!”

“Mama, cheti changu cha uraia,” Laje akasema. Bila hicho hapiti getini pa usaili, na Ranmaya alikuwa amekifunga kwenye mshipi wa kiuno. “Nipe.”

“Sikupi.”

“Si ulinipikia wewe? Leo unajifanya daktari?”

Ranmaya akaukaza mshipi. “Nilikupikia. Na cheti sikupi.”

Laje alilia barabarani, mtu mzima, watu wakimtazama. Mjomba akatema mate, akaondoka.

Laje hakukimbia. Mguu ulipona, ila huuma wakati wa baridi. Sasa anaendesha gari la abiria mjini Phidim, na mama yake anamwamkia tu, hakai kuzungumza naye. Tilbikram bado anafundisha vijana kwa mtindo uleule. Mmoja alivunjika nyonga mlimani. Daktari alihamishwa. Ranmaya anapika bado, lakini hampimii gongo kijana yeyote. Vijana hununua kwa jirani.